Kirusi cha mafua kwenye maji taka: maana yake nini?

Mafua ni ugonjwa wa pua, kwa hiyo mtu ana haki ya kushangaa akisikia wataalamu wanayatafuta kwenye bomba la choo.

Jibu liko kwenye kamasi. Mwenye mafua humeza kamasi mchana kutwa bila kujijua, hupengea kwenye sinki, hutema makohozi bafuni, hufua leso. Yote hayo huishia bombani. Rinovirusi, ambavyo ndivyo vinavyoongoza kwa kuleta mafua na vina aina zaidi ya 160, havistahimili asidi ya tumboni. Hata hivyo vipande vya vinasaba vyake huweza kutoka na kinyesi, na vipande hivyo ndivyo vinavyotafutwa.

Hapa wengi hukosea, nami ningependa paeleweke vizuri. Maabara ikisema imekuta kirusi cha mafua kwenye maji taka, haisemi kwamba maji hayo yanaambukiza mafua. Ni kama kukuta maganda ya karanga kwenye jamvi: unajua karanga zililiwa hapo, lakini huna karanga ya kutafuna.

Sampuli nzuri huchotwa kidogo kidogo kwa saa 24 pale maji yanapoingia kwenye mtambo wa kuyasafisha, maana ukichota mara moja unaweza kuangukia saa ambayo mji umelala. Wengine huchukua tope linalotuama chini, kwa kuwa virusi hunata kwenye chembechembe zake. Vinasaba hutolewa humo na kuingizwa kwenye PCR, kipimo kilekile tulichokizoea wakati wa korona, ambacho hukizidisha kipande kinachotafutwa mara mbili, kisha mara mbili tena, hadi kigundulike.

Bado kuna mvua. Ikinyesha na maji yake yakaingia mabombani, uchafu huzimuliwa na virusi huonekana vimepungua. Dawa yake inanifurahisha sana: wataalamu hupima pia kirusi kinachoshambulia mimea ya pilipili. Mtu hakimdhuru, ila tunakila kwenye pilipili na kukitoa chooni kwa wingi kila siku. Nacho kikipungua, basi ni maji yaliyoongezeka, si wagonjwa waliopona.

Huko San José, California, watafiti walianza mwaka 2021 kufuatilia kwenye tope virusi vingi vya njia ya hewa, rinovirusi vikiwemo, na wakaona viwango vyake vinakwenda pamoja na majibu ya vipimo vya wagonjwa. Faida yake ni kubwa, kwa sababu mafua ya kawaida hayampeleki mtu hospitali. Anakunywa chai ya tangawizi, analala, na hakuna daftari linalomhesabu. Bomba linamhesabu bila kumuuliza jina.

Njia yenyewe ni ya zamani, na polio ndiyo iliyoikomaza. Kirusi cha polio huishi utumboni na hutoka kikiwa hai, hivyo maabara huweza hata kukiotesha. Kati ya watu 200 walioambukizwa, takriban 1 tu ndiye hupooza, kwa hiyo kusubiri mtoto apooze ni kuchelewa mno. Machi 2018 kirusi cha polio aina ya 2 kilichotokana na chanjo (kirusi dhaifu cha chanjo ya matone kilichobadilika kikipita mtu hadi mtu) kilikutwa kwenye maji taka ya Kamukunji, Nairobi, na watoto wakapelekewa chanjo.

Kwa mafua, miji yetu ina kikwazo chake. Dar es Salaam, nyumba nyingi zina vyoo vya shimo au makaro, hazikuunganishwa na bomba lolote, kwa hiyo sampuli ya bombani inawasemea wachache. Unaweza kuchota pale magari ya majitaka yanapomwaga mzigo mabwawani. Lakini tope la shimoni limelala humo miezi, pengine miaka, na ukikuta humo kirusi cha mafua huwezi kujua ni mafua ya wiki hii au ya masika yaliyopita.