Kidonda kisichopona na uvimbe wa taya: maswali kuhusu saratani ya kinywa

Daktari, nina kidonda pembeni mwa ulimi. Hakiumi. Nihangaike nacho?

Hangaika nacho. Kidonda cha kujing'ata au cha kuungua na chai hupona ndani ya wiki 2. Kikifika wiki 3 na bado kipo, kionwe na daktari wa kinywa na meno, kiwe kinauma au hakiumi. Saratani ya kinywa mara nyingi huanza bila maumivu, na ndiyo sababu wengi huja hospitali tezi za shingo zimeshavimba. Nawa mikono, kipapase kwa kidole: ukikuta kingo zimeinuka na nyama ya chini yake ni ngumu, usisubiri hizo wiki 3.

Kama kuna jino lenye ncha au meno ya bandia yanayokwaruza mahali hapo, daktari atalisawazisha na kukutaka urudi baada ya wiki 2. Rudi, hata kama unajiona nafuu. Mwambie pia kuhusu doa jeupe lisilofutika, na hasa doa jekundu laini lisiloondoka. Watu huogopa jeupe, lakini jekundu ndilo lenye hatari kubwa zaidi.

Mama yangu hajawahi kuvuta sigara, ila ni mlaji wa tambuu wa miaka mingi. Yuko salama?

Hayuko salama. Popoo lenyewe, ile kokwa inayotafunwa kwenye tambuu, hata bila kutiwa tumbaku, limo katika orodha ya vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Tamko hilo lilichapishwa mwaka 2004 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani. Tumbaku ikiongezwa, hatari hupanda. Vivyo hivyo kwa ugoro na kuberi, tumbaku za kuweka mdomoni: chunguza hasa pale anapoviweka, ndani ya mdomo wa chini au shavuni.

Muulize kama siku hizi pilipili kidogo tu inamuunguza mdomo mzima. Kisha mwambie apange vidole vyake 3 wima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Visipoingia, huenda nyama za mashavu zimeanza kukakamaa kwa sababu ya popoo, na hali hiyo inaweza kugeuka saratani. Kuacha sasa hakutalainisha shavu lililokwisha kukakamaa, lakini kunapunguza hatari iliyo mbele.

Anayevuta sigara na kunywa pombe pamoja ana hatari kubwa kuliko anayefanya kimojawapo.

Nimeambiwa nikatwe kinyama. Si nasikia kikiguswa na kisu kinasambaa?

Maneno hayo yamewachelewesha watu wengi. Kukata kinyama hakusambazi saratani. Unachomwa ganzi, daktari anachukua kipande kidogo ukingoni mwa kidonda (katikati huwa na seli zilizokufa ambazo hazisemi kitu), anakitia kwenye formalini, anashona nyuzi moja au mbili, unarudi nyumbani. Bila kipimo hicho hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni saratani au siyo. Kupewa antibayotiki mara ya tatu kwa kidonda kilekile, bila kinyama kupelekwa maabara, kwa maoni yangu ni kupoteza muda wa mgonjwa. Majibu yakithibitisha, ndipo hufuata picha za taya na shingo, za CT scan inapopatikana, kuona ugonjwa umefika wapi.

Mwanangu ana miaka 6. Taya limevimba na meno yanacheza. Nimpeleke akang'olewe meno?

Asing'olewe kabla hajachunguzwa. Anaweza kuwa na limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto katika maeneo yetu yenye malaria nyingi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958 baada ya kuona watoto wenye uvimbe wa mataya. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa katika seli za uvimbe huohuo.

Hii ni saratani ya haraka mno: seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku 1 hadi 2. Mtoto aliyeonekana ana jino bovu Jumatatu anaweza kuwa na jicho lililosukumwa nje wiki inayofuata. Kwa hiyo rufaa yake si ya "njoo mwezi ujao". Atakatwa kinyama, atapigwa ultrasound ya tumbo, atapimwa damu na maji ya uti wa mgongo.

Habari njema ni kwamba kisu si tiba yake. Hutibiwa kwa dawa za saratani kama siklofosfamidi, na uvimbe huweza kunywea ndani ya siku chache. Hapo huhitaji dripu za kutosha na vipimo vya mara kwa mara, maana seli zinazokufa kwa wingi huweza kuziba figo. Kosa la wazazi ni kuondoka wodini uso ukisharudi sawa. Dozi zikikatizwa, ugonjwa hurudi.

Baba ana saratani ya fizi. Atang'olewa taya lote?

Inategemea imeingia mfupani kiasi gani. Ikiwahi, huondolewa sehemu tu, pamoja na tezi za shingo ikibidi. Iliyoenea huongezewa mionzi, pengine na dawa. Jambo moja msilisahau: meno mabovu yang'olewe kabla ya mionzi, vidonda vikauke kwanza. Kung'oa baadaye kunaweza kuuacha mfupa uoze, maana mionzi hupunguza damu inayofika tayani.

Mimi uvimbe wangu wa taya umepimwa, si saratani, ni ameloblastoma. Mbona bado wanataka kukata mfupa?

Kwa sababu kwa kawaida hausambai mwilini, lakini hula taya polepole na kuingia kwenye mfupa unaoonekana mzima. Ukikwanguliwa tu, mara nyingi hurudi. Hukatwa pamoja na sehemu ya mfupa mzima ulio pembeni, kisha unapigwa picha za taya kwa miaka mingi, kwani umewahi kurudi kwa wagonjwa waliokwisha kupita miaka 10 bila shida.