Kifaa kikitii ubongo, mwenye tendo ni nani? Maswali na majibu

Vifaa vinavyounganishwa na ubongo hufanya kazi namna gani?

Seli za neva huwasiliana kwa umeme hafifu. Mwaka 1924, katika mji wa Jena nchini Ujerumani, daktari Hans Berger aliunasa umeme huo kutoka kichwani mwa binadamu, na njia yake, iitwayo EEG, hutumika hadi leo hospitalini kuchunguza kifafa. Vifaa vya sasa ni vya aina mbili. Vipo vinavyosoma: elektrodi, yaani vidude vidogo vya kunasa au kupeleka umeme, zilizobandikwa kichwani au kupandikizwa ndani ya ubongo hupeleka ishara kwenye kompyuta, nayo, baada ya kufunzwa, hukisia mtu anataka kufanya nini na kusogeza kiti cha magurudumu, mkono wa bandia au kielekezi kwenye skrini. Mwaka 2004, Matthew Nagle, Mmarekani aliyepooza kuanzia shingoni baada ya kuchomwa kisu, alipandikizwa kifaa chenye elektrodi 96, akaweza kufungua barua pepe bila kuinua kidole. Vipo pia vinavyochochea, yaani vinavyopeleka umeme ndani ya ubongo, kama ilivyoanza kufanywa na Alim-Louis Benabid huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, ili kutuliza mtetemeko wa mwili.

Je, mtu anawajibika kwa kosa la kifaa kinachosoma ubongo wake?

Ninaomba msomaji alishike neno "hukisia" nililolitumia hapo juu, kwa sababu jibu lote limesimama juu yake. Kompyuta haioni nia ya mtu. Inaona mpangilio wa ishara na kuulinganisha na mipangilio iliyofunzwa. Tuseme mtu aliyepooza anaendesha kiti chake kwa ishara za ubongo, amekasirishwa na ndugu yake, na ghafla kiti kinamgonga ndugu huyo. Huenda alikusudia. Huenda wazo la kumgonga lilimpitia akalikataa papo hapo, lakini kifaa kikawa kimekwisha kulitekeleza. Huenda pia hakuwaza lolote, na kompyuta ilikosea tu.

Lugha yetu inatenganisha kuwaza, kukusudia na kutenda, na dini na sheria zetu zimezoea mpaka huo: Waislamu hufundishwa tangu madrasani kwamba matendo huhesabiwa kwa nia, na kifungu cha 10 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, sawa na kifungu cha 9 cha Kenya, hakimtii hatiani mtu kwa tendo lililotokea pasipo utashi wake, isipokuwa pale sheria inapozungumzia uzembe. Kwa mtu wa kawaida, kati ya wazo na tendo kuna mwili, na mwili humpa nafasi ya kujizuia. Kifaa kinaweza kuifupisha nafasi hiyo au kuiondoa kabisa.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, swali la haki ni hili: je, mtumiaji alikuwa na uwezo wa kuzuia? Kama kifaa kilimpa njia ya kusitisha naye akaipuuza, au alijua kwamba kinakosea mara kwa mara akakiendesha katikati ya sokoni, lawama ni yake, na kupooza hakumwondolei wajibu huo. Kama hakupewa njia yoyote ya kusitisha, lawama inamwelekea aliyekitengeneza na aliyekiidhinisha, na ni dhuluma kumbebesha mgonjwa mzigo huo.

Je, mawazo ya moyoni yanaweza kusomwa bila ruhusa?

Kwa sehemu ndogo, ndiyo, ikiwa mtu amekwisha kupandikizwa elektrodi. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba maneno ambayo mtu anayasema kimoyomoyo, bila kujaribu kuyatamka, yanaweza kutambuliwa kwa kiasi fulani. Lililonifurahisha zaidi ni kinga waliyoijaribu: kifaa hakitafsiri maneno ya kimoyomoyo mpaka mtumiaji awaze kwanza maneno maalumu ya siri. Huo ndio ule uwezo wa kuzuia, safari hii ukiwa umejengwa ndani ya kifaa chenyewe.

Umeme ukibadilisha tabia ya mgonjwa, tumlaumu nani?

Madaktari wa Uholanzi walieleza mwaka 2004 habari ya mgonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili), mwanamume wa miaka 62, ambaye uchocheaji wa ubongo ulimpunguzia ugonjwa lakini ukamtia wazimu wa furaha na kujikweza uliopindukia, hata akaingia katika madeni. Dawa hazikumsaidia. Kifaa kikizimwa, akili zake zilirudi timamu, lakini alibaki kitandani asiyejiweza. Kikiwashwa, mwili ulimtii na akili ikapotea. Madaktari walikizima ili aamue akiwa na akili zake, naye akachagua kiwashwe na yeye aishi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Siwezi kumlaumu kwa uchaguzi huo, wala siwezi kusema kwamba aliyoyafanya akiwa na wazimu yalikuwa hiari yake kamili.

Hata baadhi ya vidonge vya Parkinson huweza kumtia mtu uraibu wa kamari, manunuzi yasiyo na kiasi au hamu kubwa ya tendo la ndoa. Familia ikiona mabadiliko hayo isimwite mgonjwa mpotovu, bali imweleze daktari mapema. Na mtu yeyote asizime kifaa wala kuacha dawa ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa kuwa kufanya hivyo kunaweza kuhatarisha maisha.

Je, taarifa za ubongo zinalindwa na sheria?

Chile iliingiza ulinzi huo katika katiba yake mwaka 2021, na mwaka 2023 Mahakama yake ya Juu iliiamuru kampuni moja kufuta taarifa za ubongo za aliyekuwa seneta, Guido Girardi. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022 zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Niulize nini kabla ya kutia saini ridhaa ya kupandikizwa kifaa?

Uliza nani atakayekitunza kifaa ikiwa kampuni itafilisika. Nchini Australia, mwanamke mwenye kifafa aliondolewa kifaa kilichokuwa kikimwonya kabla ya degedege, kwa sababu fedha za kampuni zilikwisha, ingawa yeye alitamani kubaki nacho. Uliza pia kinazimwaje, na nani mwingine, mbali na wewe, anaweza kukizima.