Nanokompositi si udongo uliosagwa laini

Juzi nikiwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, nimesikia tena fundi akiambiwa dukani kwamba bomba fulani ni la "nano" kwa sababu udongo uliotiwa kwenye plastiki yake umesagwa laini kuliko sembe. Hii ni mara ya tatu mwaka huu, na kila mara kinatajwa kinu.

Nanokompositi ya polima na udongo ni plastiki iliyotiwa udongo kidogo, mara nyingi asilimia 2 hadi 5 ya uzito, na udongo huo ukatawanyika katika vipande vyenye unene wa nanomita chache tu.

Neno lenyewe ndilo linalopoteza watu. "Nano" limetokana na neno la Kigiriki la mbilikimo, na tangu 1960 ni kiambishi rasmi cha vipimo: sehemu moja ya bilioni, kwa hiyo nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Mtu akisikia udogo anafikiria kusaga. Lakini udongo wa montimorilonaiti, ule unaopatikana kwenye mwamba laini uitwao bentonaiti, umejengwa kwa karatasi zenye unene wa nanomita moja hivi, zimelaliana. Usage utakavyo, chembe ya vumbi lake bado ni rundo la karatasi zilizoshikana. Ukilikata daftari vipande vidogo kwa mkasi, hujalifungua.

Kinachotakiwa ni kuziachanisha. Wafinyanzi wa kabila la Kisi kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hawasubiri kinu ili udongo ulainike: wanautia maji na kuukanda, maji yanapenya, chembe bapa zinateleza. Plastiki nayo inapaswa kupenya vivyo hivyo, ila nyingi hazipatani na udongo, kama mafuta na maji. Ndiyo maana udongo hutibiwa kwanza kwa chumvi za amonia zenye mikia ya kaboni, ili upatane na plastiki.

Watafiti wa Toyota huko Japani, miaka ya 1980, waliingiza malighafi ya nailoni kati ya karatasi hizo, kisha wakaiacha igeuke nailoni humo humo. Njia nafuu zaidi ilionyeshwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1993: plastiki iliyoyeyuka huingia yenyewe kati ya karatasi. Leo kazi hiyo hufanywa kwa mashine ya skrubu kama ile ya kiwanda cha mabomba, bila gharama ya kununua kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuyeyushia plastiki, na kukikausha. Unafuu uko hapo, kwenye mashine iliyopo tayari. Tahadhari ni joto: chumvi nyingi za amonia za aina hiyo huanza kuharibika karibu na nyuzi 200 za Selsiasi, na plastiki ya polipropilini husindikwa kwenye joto hilohilo.

Basi, ndugu yangu wa dukani, kama unachojua ni kwamba udongo umesagwa, sema bomba lina kijazio cha udongo. Ni jina la heshima na bomba linaweza kuwa imara kabisa. Kabla ya kusema "nano", muulize anayekuletea mzigo: karatasi zimeachana?