Komeo la choo na binti aliye hedhini

Katika shule moja ya msingi kandokando ya ziwa, hapa mkoani Mwanza, niliwahi kusimama karibu na vyoo vya wasichana wakati wa mapumziko. Mlango mmoja haukuwa na komeo. Msichana alikuwa ameuegemea kwa mgongo, amekunja mikono kifuani, anamlinda mwenzake aliyekuwa ndani anabadilisha. Kengele ikalia. Mwenzake akatoka na sweta kalifunga kiunoni, jua la saa nne likiwaka. Wakanong'ona kidogo, kisha mmoja akakimbilia darasani na mwingine akashika njia ya nyumbani. Ndani ya choo kile hapakuwa na hata ndoo ya maji, na ukisimama mlangoni ziwa unaliona lote.

Siku ile tulikuwa tumeleta maboksi ya pedi. Tuligawa, tukafundisha namna ya kuzitumia, tukaondoka tukiamini kazi imekwisha. Tuliporudi baada ya miezi kadhaa, mwalimu wa malezi alitufungulia rejesta ya mahudhurio. Waliokosa shule walikuwa walewale, kila mwezi, na sababu ileile: "anaumwa tumbo". Pedi walikuwa nazo, lakini wangebadilishia wapi?

Hata watafiti wameligundua hilo. Ng'ambo ya ziwa, eneo la Gem katika kaunti ya Siaya nchini Kenya, wasichana wa miaka 14 hadi 16 kutoka shule 30 za msingi waligawanywa makundi matatu: waliopewa vikombe vya hedhi (vikombe laini vinavyowekwa ukeni kukinga damu), waliopewa pedi, na walioendelea na utaratibu wao wa kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuonyesha kwamba vifaa hivyo vilipunguza idadi ya walioacha shule. Kilichopungua ni maambukizi ya magonjwa ya zinaa. Msomaji asilipite hilo haraka, kwa sababu katika eneo hilohilo baadhi ya wasichana walishawaeleza watafiti kwamba walilala na wanaume ili wapate pedi. Kwa hiyo pedi ni lazima, sina shaka hata kidogo. Ninachosema ni kwamba haimbakizi binti darasani ikiwa peke yake.

Na hata hiyo pedi, tuipigie hesabu kwa haki. Binti anayetoka damu siku tano na kubadilisha mara tatu hadi nne kwa siku anahitaji vipande 15 hadi 20 kwa mwezi. Pakiti nyingi zina vipande 8 au 10. Ukimpa pakiti moja, umempa nusu ya mahitaji yake, na nusu iliyobaki ataimaliza kwa kukaa na pedi moja kutwa nzima au kwa kutobanduka nyumbani. Serikali ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani hazikushuka. Mzazi, na hapa nawasemesha akina baba pia, aiweke pakiti ya pili kwenye bajeti kama anavyoweka sabuni na daftari.

Kuhusu vyoo, mwongozo wa taifa unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kamati za shule huhesabu matundu. Naomba wahesabu na makomeo, ndoo za maji, na mapipa yenye mfuniko ya kutupia pedi zilizotumika, maana zikitupwa shimoni shimo hujaa kabla ya wakati wake.

Tunachokipuuza kuliko vyote ni maumivu. Wakati wa hedhi mji wa mimba hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya msuli wake ujikaze ili kusukuma nje utando na damu. Zikizidi, msuli hujikaza mpaka unabana mishipa yake yenyewe ya damu. Hapo binti husikia tumbo linasokota, maumivu yanashuka mapajani, wengine wanatapika au kuharisha. Huyo hadeki. Dawa ya ibuprofeni hupunguza utengenezwaji wa kemikali hizo, ndiyo maana humezwa mapema, maumivu yanapoanza tu na binti akiwa amekula, kwa dozi aliyoelekezwa na mhudumu wa afya. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu aulize kwanza. Kitambaa chenye joto chini ya kitovu husaidia pia. Nimesikia mara nyingi binti wa darasa la saba akiambiwa, "Vumilia, ukizaa yataisha." Tafadhali, mtoto asiambiwe hivyo.

Akilowesha pedi ndani ya saa moja au mbili, damu ikipita siku saba, au akiwa na kizunguzungu na kuishiwa pumzi, apelekwe kituo cha afya. Kanda ya Ziwa malaria, minyoo na selimundu huwapunguzia watoto wetu damu, na hedhi nzito huja kuongezea.

Kwa wanaotumia vitambaa: vifuliwe kwa sabuni na maji baridi, vianikwe juani mpaka vikauke kabisa. Kule mialoni dagaa wanaanikwa peupe, kila mtu anawaona, lakini kitambaa cha binti kinafichwa chini ya godoro na asubuhi anakivaa kibichi. Kibichi kinawasha na kuchubua ngozi. Akiona aibu, atandaze kanga nyepesi juu yake pale kwenye kamba.

Jambo la mwisho linawahusu hasa wanaoishi mbali kidogo na ufukwe, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, ambako kuna kichocho cha mkojo. Dalili yake ni damu kwenye mkojo, na nyumbani huchukuliwa kwamba mtoto amevunja ungo au hedhi imevurugika. Muulize binti kwa upole: damu inaonekana kwenye nguo muda wote, au anapokojoa tu? Kama ni anapokojoa tu, mpeleke akapimwe mkojo. Kichocho kina tiba, dawa ya prazikwanteli, na kikiachwa huweza kuharibu via vya uzazi.