Mtwara: ajira zinazoondoka na korosho ghafi

Vijana huniuliza Mtwara kuna kazi gani, na wengi huwa wanawaza gesi. Mimi ni mchumi wa kilimo, kwa hiyo msishangae nikiwaambia waanze na korosho.

Gesi ya Mnazi Bay husafishwa Madimba, kisha husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Mwaka 2013 watu waliingia barabarani kulipinga bomba hilo, na sababu mojawapo ilikuwa ajira. Lakini mtambo wa gesi ukishajengwa huendeshwa na mafundi wachache. Kiwanda cha saruji cha Dangote angalau kina malori, na lori halitembei bila dereva, utingo, fundi na mama lishe.

Korosho ndiyo inayoingia kila nyumba, kuanzia Tandahimba na Newala hadi Masasi. Kazi huanza na palizi, halafu kupulizia salfa ili ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, usiue maua. Kuanzia Oktoba hivi shughuli hupamba moto: waokotaji shambani, makarani wa mizani kwenye AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), wapagazi maghalani, madereva, watu wa bandarini. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, iliyoanza msimu wa 2007/2008, mzigo hukusanywa ghala kuu na kuuzwa kwa mnada. Malipo yakitoka, pikipiki mpya hujaa mjini. Ikifika Machi, wengi wa vibarua hao hawana shughuli.

Sehemu kubwa ya korosho hiyo hupakiwa ikiwa na ganda lake kwenda Vietnam na India. Kuchemsha kwa mvuke, kubangua, kukausha, kumenya, kupanga madaraja: kazi hizo, ambazo zingeajiri watu mwaka mzima, hufanyika huko.

Kwa nini tusibangue wenyewe? Tulishajaribu. Viwanda vilijengwa miaka ya 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia, na baadhi viliishia kuwa maghala. Watu hulaumu mashine. Mimi nalaumu mtaji. Mwenye kiwanda inambidi anunue malighafi ya mwaka mzima katika miezi michache ya mnada, akipambana na msafirishaji wa korosho ghafi ambaye mzigo wake unaondoka na meli na fedha zake zinarudi mapema. Mbanguaji anabaki na ghala lililojaa na mkopo unaokula riba kila mwezi. Bei ya dunia ikiporomoka Aprili, korosho alizonunua ghali Novemba zinamfia mkononi.

Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi uliwekwa kumsaidia mbanguaji, ila mnunuzi huupigia hesabu kabla hajataja bei mnadani, hivyo sehemu yake hutoka mfukoni mwa mkulima. Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka upandishwe tu. Ningeanza na mkopo wa msimu wenye riba nafuu kwa wabanguaji, pamoja na mnada wao wa awali, kabla wasafirishaji hawajaingia.

Kwa anayetafuta kazi leo, asisubiri kiwanda. Jifunze kupima ubora: kupima unyevu, kukata sampuli, kuhesabu mbovu. Au ufundi wa mashine za kupulizia, maana ikiharibika katikati ya msimu wa maua, mkulima hawezi kungoja wiki. Vikundi vya akina mama wanaobangua kwa mikono navyo vinahitaji mtu wa kushughulikia vifungashio, nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na wateja wa Dar es Salaam.