Anapofunga kila siku na kunywa sanamaki: kutambua na kutibu maradhi ya ulaji

Binti anayekonda hapa Tanga hupimwa malaria, mkojo na vidonda vya tumbo kabla hajaulizwa anakula vipi. Kupima ni sawa: kifua kikuu, kisukari, VVU na maradhi ya tezi ya shingo hukondesha, na lazima yaondolewe kwanza. Lakini vipimo vikirudi safi, mara nyingi huandikiwa dawa ya vidonda na kurudishwa nyumbani. Wengine huishia kwa mganga, wakiambiwa ni jini.

Maradhi ya ulaji yako ya aina kadhaa. Mwenye anoreksia hujinyima chakula hadi uzito unashuka kupita kiasi, anaogopa kunenepa kuliko kitu chochote, na hata akibaki mifupa hujiona mnene. Mwenye bulimia hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, kwa siri, akishindwa kujizuia, kisha hukitoa kwa kujitapisha, kwa dawa za kuharisha, kwa kufunga au kwa mazoezi ya kupindukia. Likitokea hilo angalau mara 1 kwa wiki kwa miezi 3, ni maradhi. Aina ya tatu ni kula kwa kupindukia namna hiyohiyo bila kutoa, na hiyo huwapata hata watu wazima na wanaume wengi. Tahadhari: mwenye bulimia kwa kawaida hakondi. Ndiyo maana anaweza kuumwa miaka na nyumba nzima isijue.

Wako wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu. Huko Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, ambako mwanamke mwenye mwili ndiye aliyesifiwa kama ilivyokuwa pwani yetu, watafiti walichunguza wasichana wa shule mwaka 1995, televisheni ilipokuwa ndiyo kwanza imefika. Hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Na hiyo ilikuwa televisheni tu, kabla ya simu.

Kwetu maradhi haya hupata kificho kizuri kwenye saumu. Binti anamaliza Ramadhani, anaunga sita za Shawwal, kisha Jumatatu na Alhamisi, kisha kila siku ana sababu. Wakati wa futari anatafuna tende moja na kujishughulisha kuwapakulia wengine. Mama atazame jambo moja: msichana aliyevunja ungo, asiye mjamzito wala hatumii dawa za uzazi, akifunga mwezi mzima bila kuacha hata siku moja, na asiwe na kadha (siku alizokula) ya kulipa, huenda hedhi imekatika, maana mwenye hedhi hafungi. Mwili wenye njaa hufunga kwanza kazi ya uzazi. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na kwa mwenye anoreksia au bulimia tunashauri asifunge hadi daktari aseme amepona. Akibisha kwa hoja ya dini, mshirikisheni sheikh anayemheshimu. Neno lake mara nyingi hufanya kazi kuliko letu.

Dalili nyingine ziko mwilini. Vinyweleo laini, malaika, huota mikononi na mgongoni. Anavaa sweta Januari, joto la Tanga likiwa juu. Anayejitapisha huwa na sugu au makovu kwenye vifundo vya vidole vya mkono mmoja, kwa sababu meno hukwaruza hapo vidole vinapoingia kooni. Mashavu huvimba chini ya masikio kama mwenye matubwitubwi, ila hayaumi sana wala hana homa. Meno ya mbele huliwa upande wa ndani. Baada ya kutapika asipige mswaki papo hapo, maana asidi imelainisha meno na mswaki utayakwangua. Asuuze kwa maji matupu na asubiri angalau nusu saa.

Dawa za kuharisha kama sanamaki na haluli, na zile chai za kupunguza mwili zinazouzwa mitandaoni zinastahili maelezo marefu kidogo. Chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, chakula kikiwa kimeshapita na mwili umeshachukua chake. Kinachotoka ni maji na chumvi, pamoja na potasiamu. Mizani inashuka kilo 1 au 2, anafurahi, kesho maji yanarudi na miguu inavimba, naye anaongeza dozi. Baadaye choo hakitoki bila dawa. Potasiamu ikishuka mno, misuli inalegea, mapigo ya moyo yanaruka, na moyo unaweza kusimama ghafla hata kwa msichana wa miaka 17.

Ukishaona dalili, zungumza naye mkiwa wawili tu, na si mezani. Taja ulichokiona: "Mwanangu, nimekusikia ukitapika baada ya chajio jana na juzi. Sikugombezi. Kesho twende hospitali pamoja." Usimwambie "kula tu", wala "umependeza, umenawiri", kwani neno hilo la pili yeye hulisikia kama "umenenepa". Atakataa. Nenda naye hivyohivyo.

Kwa kijana mwenye anoreksia, tiba yenye ushahidi mzuri ni ya familia: wazazi wanashika sahani kwa muda, kama ambavyo wangeshika dawa. Milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, na mchana asikae tumbo tupu zaidi ya muda wa saa 4. Saa 1 asubuhi chai ya maziwa, maandazi na mbaazi za nazi. Saa 4 ndizi na karanga. Saa 7 bada au wali na samaki na mchunga. Saa 10 maziwa na kitumbua. Saa 1 usiku chajio. Mzazi ndiye anayepakua, anakaa naye hadi amalize, kisha wanakaa pamoja nusu saa hadi saa nzima ili asiende msalani kutapika. Apimwe uzito mara 1 kwa wiki. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Baba akilegeza pale mama anapokaza, maradhi hupita hapohapo.

Kwa bulimia, kazi ya kwanza ni kula kwa ratiba hiyohiyo, maana njaa ya mchana ndiyo huzaa pupa ya usiku. Ushauri nasaha wa kubadili fikra huchukua vikao kama 20. Daktari anaweza kuongeza fluoksetini, dawa ya sonona, kwa kawaida hadi miligramu 60 kwa siku; dawa hiyo haisaidii aliyekonda sana kuongeza uzito.

Aliyekonda sana asijazwe chakula ghafla. Gawa kilo zake kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe: mtu mzima mwenye kilo 38 na mita 1.60 ana 14.8, wakati kawaida huanzia 18.5. Akiwa chini ya 16, au hajala karibu chochote kwa zaidi ya siku 10, sahani ya pilau iliyojaa inaweza kumuua: insulini hupanda, huvuta fosfati na potasiamu kutoka kwenye damu, moyo na pumzi hushindwa ndani ya siku chache. Huyo aanzie hospitali, apewe vitamini B1 kabla ya chakula, na damu ipimwe kila siku mwanzoni.

Mpeleke Bombo, hospitali ya mkoa, siku hiyohiyo akizimia, mapigo yakiwa chini ya 50 kwa dakika akiwa macho, joto likishuka chini ya 35.5, akitapika damu, akichanganyikiwa au akisema anataka kufa. Wengine husita wakidhani idara ya afya ya akili maana yake ni kulazwa Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili. Wengi hutibiwa wakitokea nyumbani. Mwambie daktari kila alichokunywa, sanamaki ikiwemo, na uombe potasiamu na kipimo cha umeme wa moyo vifanywe kabla hamjaruhusiwa kurudi.