EPO Hainyongi Baiskeli

Kuna kauli mbili kuhusu Lance Armstrong, yule mwendesha baiskeli wa Marekani, ambazo nimechoka kuzijibu. Ya kwanza: hakuwa lolote yule, ni dawa tu. Ya pili: wote walitumia, kwa hiyo aliyeshinda alishinda kihalali, arudishiwe mataji yake saba ya Tour de France. Jumapili hii nilizisikia zote mbili kwenye meza moja ya kahawa Mtwapa, tena kwa watu wanaonyonga vizuri kuliko mimi. Mmoja alizisema zote mbili peke yake, kikombe hakijapoa.

Mimi ni muuguzi wa figo. EPO, homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu, kwangu si habari ya magazetini, iko kwenye friji ya kazini. Mgonjwa anayesafishwa damu, figo zake haziitengenezi tena ya kutosha, uboho unakosa wa kuuamrisha, hemoglobini inaporomoka, na mtu anahema kwa kupanda ngazi za nyumbani kwake. Tunamdunga, tunamwongezea madini ya chuma, tunangoja wiki kadhaa, tunapima tena. Ndiyo hiyo dawa yenyewe. Nimewadunga watu wengi, na hadi leo hakuna aliyeniuliza njia ya kwenda Alpe d'Huez, ule mlima maarufu wa Tour.

Kwa hiyo kauli ya kwanza tuimalize upesi. Sindano inaongeza chembe nyekundu, chembe zinabeba oksijeni, basi. Moyo, miguu, miaka ya mazoezi na ujuzi wa kujua nani wa kumfuata mlimani unakuja navyo mwenyewe. Armstrong alikuwa analipwa kushindana trayathlon (kuogelea, baiskeli na kukimbia) akiwa na miaka 16. Mwaka 1993 kule Oslo, kwenye mvua, akiwa na miaka 21, alitwaa ubingwa wa dunia wa barabarani na wa pili alikuwa Miguel Indurain, ambaye mwezi mmoja tu nyuma alikuwa ametoka kushinda Tour yake ya tatu mfululizo. Punda hafanyi hivyo hata umdunge nini.

Lakini siwezi kuufanya ushindi wa Oslo kuwa cheti cha usafi. Armstrong mwenyewe alikuja kukiri kwamba alianza kutumia vitu vilivyopigwa marufuku akiwa na umri wa miaka 21 hivi. Kwa hiyo anayetaka kumwona Armstrong mtu mzima, mwenye damu yake tu, akishindana na wakubwa wa dunia, hana pa kumwona. Hilo linaniudhi zaidi ya mataji saba yaliyofutwa, kwa sababu ndilo swali ambalo ningependa jibu lake.

Sasa kauli ya pili, na hapa mnivumilie.

Watu husema uwanja ulikuwa sawa kwa sababu kila mtu alikuwa na sindano. Kwanza si kila mtu. Christophe Bassons, mwendeshaji wa Ufaransa, alikataa, akaandika gazetini mwaka 1999 kwamba mwendo wa Tour ile ulikuwa wa kutiliwa shaka, na Armstrong akamfuata katikati ya mashindano kumwambia arudi kwao. Akarudi. Lakini hata tukiwahesabu waliodungwa pekee, usawa haupo, na anayeudai hajawahi kusoma majibu ya damu.

Kuanzia 1997 chama cha baiskeli duniani, UCI, kiliweka mpaka: hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ikizidi asilimia 50, unapumzishwa wiki mbili. Kipimo cha kuitambua EPO yenyewe hakikutumika hadi 2000. Wajanja waliusoma mpaka huo kama ruhusa. Haya, chukua waendeshaji wawili. Mmoja hematokriti yake ya kuzaliwa ni 40, mwingine ni 47. Wote wapandishe hadi 50. Wa kwanza ameongeza robo nzima, wa pili ameongeza kama asilimia 6. Yule ambaye Mungu alimpa damu nzito tangu tumboni, ambaye katika mbio safi angeanza akiwa mbele, ndiye aliyefaidika kidogo zaidi. Mnauita huo usawa?

(Najua, hesabu hii ni ya ubaoni. Hematokriti hubadilika hata kwa maji mwilini tu, ndiyo maana kwenye ushahidi dhidi ya US Postal, timu ya Armstrong, kuna kisa cha daktari wao kumpitishia Armstrong chupa ya saline (maji ya chumvi) mbele ya mpimaji mwaka 1998. Damu ikichujuka, namba inashuka.)

Halafu kuna jambo ambalo vitabu hulitaja kwa mstari mmoja na sisi wodini tunaishi nalo: watu hawaitikii EPO sawasawa. Nina wagonjwa wa dozi ileile na uzito unaokaribiana. Mmoja hemoglobini inapanda mpaka tunampunguzia, mwingine amekwama palepale. Mara nyingi sababu ipo: chuma kimeisha, au mwili unapigana na uambukizo mahali fulani. Mara nyingine tunapima kila kinachopimika na hatuoni kitu. Tunaandika kwenye faili kwamba haitikii vizuri, tunaendelea. Kama mimi na madaktari wangu tunashindwa kubashiri mgonjwa yupi atapanda, nani aniambie kwamba mamia ya wanaume katika msafara wa Tour walipandishwa kwa kipimo kimoja? Ongeza hapo pesa. Armstrong alikuwa na Michele Ferrari, daktari wa Kiitalia aliyejua kugawa dozi ndogondogo zisionekane. Mwingine alikuwa na rafiki mwenye begi la barafu.

Ndiyo, alipimwa mara nyingi akaambiwa msafi. Kitu kisicho na kipimo hakipatikani, na chenye kipimo hukwepeka. Tuendelee.

Niseme pia linalonitia shaka mimi mwenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio: waendeshaji 48 waliozoea mazoezi, nusu wakapewa EPO kwa wiki nane, nusu maji ya chumvi yasiyo na dawa, kisha wote wakapandishwa Mont Ventoux. Maabara ilionyesha nguvu ya juu imeongezeka kidogo. Mlimani, hakuna tofauti. Hawakuwa waendeshaji wa kulipwa, na Tour ni wiki tatu si siku moja, kwa hiyo silibebi jaribio hili kama msahafu. Ila tangu nilisome, siwezi tena kusema kwa uhakika wa zamani ni kiasi gani sindano ilimpa. Labda bila dawa duniani bado angeshinda. Labda angeshinda mtu ambaye hatujawahi kulisikia jina lake, aliyeacha baiskeli 1998 akarudi shambani kwao. Anayesema anajua, anabahatisha.

Ndiyo maana nikitakiwa kumhukumu, siendi kwenye damu. Kwenye damu alikuwa mmoja wa wengi. Alex Zülle, wa pili 1999, alikwishakiri kutumia EPO. Jan Ullrich, wa pili nyuma yake mara tatu, na Ivan Basso, wa pili 2005, wote walifungiwa baadaye. Na sisi hapa tusijitie hamnazo: Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza mwanamke kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, alikutwa na EPO 2017, na wanaomcheka Armstrong kwa sauti wakaona haya kulitaja hilo.

Mimi namhukumu kwa Emma O'Reilly, mkandaji wa timu aliyesema ukweli akatukanwa na kuburutwa mahakamani. Namhukumu kwa Filippo Simeoni, mwendeshaji wa Italia aliyetoa ushahidi dhidi ya Ferrari. Kwenye Tour ya 2004 Simeoni alitoroka kukifuata kikundi kilichokuwa mbele, na Armstrong, akiwa na jezi ya njano ya anayeongoza na hana haja yoyote na hatua ile, akamfukuza mpaka akamrudisha msafarani, kisha akaionyesha kamera ishara ya kufunga zipu mdomoni. Hakuna EPO inayomfanya mtu afanye hivyo.

Jamaa wa Mtwapa akaniuliza swali zuri: mbona Bjarne Riis alikiri EPO mwaka 2007 na ushindi wake wa Tour ya 1996 bado umeandikwa, huku 1999 hadi 2005 pakiwa patupu? Jibu ni la kisheria. Muda wa kumshtaki mtu wa pufya wakati ule ulikuwa miaka 8, na wa Riis ulikuwa umepita. Wa Armstrong kwa sehemu ulikuwa umepita pia, lakini USADA, shirika la Marekani la kupambana na pufya, mwaka 2012 ilisema haukuhesabika kwa sababu aliificha kesi kwa ulaghai, kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuwatisha mashahidi. Wakafuta kila kitu kuanzia 1 Agosti 1998. Ya Oslo hawakuigusa.